Jani Lenye Meno

Sijawahi kuudharau mmea maishani mwangu kama nilivyoudharau ule. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu mmea una kazi yake. Ukitoa tunda tunakula, ukitoa kivuli tunakaa, usipotoa lolote unakatwa na kutiwa jikoni. Ule aliotuletea bibi mwenye nyumba haukuwa na tunda wala kivuli. Ulikuwa kitu cha ukubwa wa kiganja ndani ya kichungu cha plastiki, na kila jani lake liliishia kwenye midomo miwili yenye meno membamba, imeachama kama ya mtoto anayesubiri uji. Ndani ya midomo kulikuwa na wekundu wa fizi. Bibi aliuweka juu ya meza yetu ya chakula, akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, maana nyumba ni yake.

"Unakula nzi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kwetu hata chura anakula nzi na hatumweki mezani. Sijui simu ilimtafsiria nini, kwa sababu Kichina changu ni cha sokoni: najua bei, najua rangi, najua namba za viatu, najua kusema sitaki. Likizidi hapo, yeye aliiambia simu yake, mimi nikaiambia yangu, na zile simu zikaelewana zinavyojua zenyewe. Bibi alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la watu wenye mali, lile ambalo halina haja ya kujua umesema nini.

Tuliishi mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, mimi na mume wangu, ghorofa ya juu ya jengo lisilo na lifti. Mimi nilinunua viatu vya kike soko la jumla la Zhanxi kwa ajili ya wateja wa Tanga na Dar es Salaam, yeye alisimamia kufunga mizigo na kuipeleka kwa wakala. Na yeyote mwenye ngozi kama yangu aliyewahi kutafuta nyumba Guangzhou anajua kwa nini nilimvumilia yule bibi. Unapiga simu, nyumba ipo. Unafika mlangoni, wanakuona, nyumba haipo. "Mei you," wanasema, hakuna, na mlango unafungwa ukiwa bado umeshika mkoba. Tena nyumba si paa tu. Bila mwenye nyumba wa kukubali kukuandikisha polisi kwamba unakaa kwake, huandikishwi. Usipoandikishwa, viza haiongezwi. Viza isipoongezwa, unarudi kwenu na viatu vyako. Tulikwisha kufukuzwa mara mbili, mara moja kwa ajili ya harufu ya samaki wa kukaanga, mara ya pili kwa sababu ambayo hatukuambiwa hadi leo. Huyu bibi alituandikisha, na samaki wetu alimvumilia.

Sasa akakunja mikono juu ya meza akatoa masharti. Alikuwa anakwenda Kanada kwa mwanawe, atakaa huko kipindi chote cha baridi, atarudi mwezi wa tatu, ndipo mkataba wetu ulipokuwa unaisha. Akirudi akaukuta mmea uko hai, tutaendelea kukaa. Ukiwa umekufa, tutafute nyumba nyingine. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mmea ulikuwa wa huyo mwanawe. Aliununua soko la maua akiwa bado mwanafunzi, akaushughulikia siku chache kama watoto wanavyoshughulikia vitu, kisha akaenda kusoma ng'ambo na hakurudi tena kukaa. Mama ndiye aliyeutunza tangu siku hiyo. "Siku akija nyumbani atataka kuuona," simu yake ikasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. Nikawaza, mwanamume mwenye mke na mtoto, apande ndege kutoka Kanada aje kutazama jani.

Masharti ya kuutunza yalikuwa ya mganga kabisa. Maji ya bomba mwiko, hata yakichemshwa. Chumvichumvi yoyote iliyomo ni sumu kwake, ni lazima anyweshwe maji ya dukani yaliyosafishwa. Mbolea mwiko. Kuguswa midomo mwiko. Kulishwa nyama mwiko, akipata nzi wake mwenyewe ni bahati yake. Baridi ikija asiingizwe ndani, aachwe roshani. "Na atakuwa mweusi," bibi akasema akinikazia macho. "Usiogope. Analala. Umwache."

Kwa hiyo mla nyama asipewe nyama, wakati wa baridi akae nje, na akionekana amekufa ahesabiwe mzima. Mimi na mume wangu tukawa tunakunywa maji ya bomba ya kuchemsha kwenye birika, mmea unakunywa ya chupa.

Sasa nimseme mume wangu. Ni mtu mwema, na wema wake umenichosha miaka yote ya ndoa yetu. Mwaka ule alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alimkataza wali mwingi, halua, maandazi, chai ya kukoleza sukari, yaani alimkataza kila kitu kinachomfanya mtu wa pwani aamke asubuhi. Nikawa mimi ndiye askari. Nilimpimia wali kwa kikombe cha kahawa. Maandazi niliyafungia kabatini, na ufunguo nikautia mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hatii mkono. Alikuwa anakula akihema, kama anayepanda ngazi.

Mmea niliuweka roshani, nyuma ya mlango wa kioo, na ule mlango unatazamana na meza. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa ambalo Mchina hawezi kulifanya hata umlipe. Kwetu huli mbele ya mtu bila kumwambia karibu. Adui yako akipita unakula, unamwambia karibu. Mtu akikupigia simu kutoka bara jingine akakukuta unatafuna, unamwambia karibu, na yeye anakujibu shukrani, ijapokuwa nyote mnajua hakuna mkono unaoweza kunyooshwa kutoka Tanga hadi Xiaobei. Mume wangu alilelewa hivyo hadi mifupani. Na sasa kila akiinua tonge, nje ya kioo kuna midomo kadhaa imeachama inamtazama.

Mwanzo alisema karibu kwa mzaha. Nilimsikia, nikacheka kidogo. Sikujua kwamba mimi nikitoka kwenda Zhanxi, mzaha ulikuwa unafungua mlango wa kioo.

Harufu ndiyo iliyomsema. Siku moja naanua nguo roshani nikasikia uvundo, nikadhani ni panya. Nikainama. Midomo mitatu ya lile jani ilikuwa imefumba, imegeuka rangi ya tope, na kwenye mmoja kulikuwa kumechomoza kipande cha nyama ya kondoo, ya mshikaki, ile ya Waislamu wa Kichina wanaochoma pale chini ya jengo. Kwenye mwingine kulikuwa na samaki. Samaki wa nazi.

Nikamwita.

"Mume wangu, hiki ni nini?"

"Nyama."

"Naiona ni nyama. Imefikaje humu?"

"Nilimkaribisha, akala."

"Bibi kasema asilishwe."

"Bibi ni mwenyeji wa hapa, wana mambo yao." Akajifunga shuka begani, hakuwa na haya hata chembe. "Kiumbe kaachama tangu asubuhi, mimi natafuna mbele yake. Hata wewe ungeona vibaya."

"Hili ni jani."

"Lina mdomo."

Nikamwuliza kama viatu navyo tuvilishe, maana navyo vina ulimi. Akasema ninavyopenda maneno ndivyo ninavyokosa huruma. "Mama watoto, wewe una mkono mzito. Mimi umeninyima wali, huyu umemnyima nyama, tena umemtoa nje. Iko siku utatupanga sote wawili hapo roshani."

Nilitoa zile nyama kwa kibano cha nyusi, nimeziba pua kwa ncha ya mtandio, nikakata midomo iliyooza. Sikuwahi kufikiri kwamba nimesafiri hadi China, nimejifunza kugombana na mabosi wa viwanda kwa lugha yao, ili nije nilitoe jani samaki mdomoni. Nilimwambia mume wangu kwamba nikikuta tena hata punje ya wali ndani ya kile kichungu, kile kikombe cha kahawa kitageuka kijiko. Tishio hilo alilielewa.

Kisha baridi ikaingia. Watu wa nyumbani wakisikia China wanafikiri theluji, wanakuuliza kama umeigusa. Guangzhou haina theluji. Ina unyevu unaoingia kwenye magodoro, na nyumba zisizo na moto wowote, na sakafu ya vigae inayokunyonya joto kwa nyayo. Nje kuna afadhali kuliko ndani. Tulikuwa tunakaa sebuleni na makoti kama abiria waliokosa treni, na mume wangu alivaa soksi mbilimbili na kofia ya mtoto ya sufu aliyoitoa kwa ndugu yake, yenye masikio ya dubu.

Mmea ukaanza kuwa mweusi kama bibi alivyosema. Majani yalilala moja moja, yakasinyaa, yakawa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nami nilikumbuka aliyoyasema, nikauacha. Sikuwa na imani yoyote, nilikuwa na hofu ya kufukuzwa, na hofu ni mwangalizi mzuri. Lakini mume wangu kila akipita pale kwenye kioo alitikisa kichwa kama aliyepita wodini.

Huyo ndugu yake, shemeji yangu, hununua vitu vya kuchezea watoto katika maduka ya mtaa wa Yide Lu, na anaishi katika chumba kimoja pamoja na maboksi yake, dubu na magari ya plastiki hadi darini. Ni mtu anayejua kila kitu. Alikuja siku moja kunywa chai, akatazama roshani, akasema, "Shemeji, huyu kapigwa jicho."

"Nani amwonee kijicho jani?"

"Usidharau. Kitu cha ajabu kikiwekwa hadharani kinapigwa jicho. Na njaa juu yake. Mtazame alivyokonda."

Mume wangu akanitazama kwa maana ya unasikia. Nikawaambia wote wawili kwamba bibi alisema atalala. Shemeji akasema yeye hajaona kilicho hai kikalala kikiwa cheusi, na kwamba Wachina wanaficha mambo. Ana miaka mingi hapa, anauza na kununua kwao, anakula mkate wake kutoka kwao, na bado kwake kila Mchina ana siri moja anayomficha yeye binafsi. Nilimjazia chai ili mdomo upate kazi nyingine.

Haikusaidia. Siku iliyofuata nilikwenda Zhanxi kurudisha viatu vilivyoshonwa visigino vibovu, nikagombana na laoban wangu wa siku zote, yule bosi wa kibanda ambaye huapa kwa mama yake kila anapodanganya, nikarudi nyumbani nimechoka, koo limekauka. Nikawakuta ndugu wawili wamesimama roshani, mmoja na kofia ya dubu, mwingine na kanzu juu ya suruali ya jinzi, mikono wameikunjua, wanaliombea jani dua. Miguuni pao ilikuwa chupa ndogo ya plastiki. Nikaitambua. Ilikuwa ni ile Zamzam aliyorudi nayo shemeji kutoka Hija, aliyotugawia tukaitunza kabatini kwa ajili ya maradhi.

Chupa ilikuwa tupu.

Maji yale ni baraka, sina neno nayo, na wameyanywa walio bora kuliko sisi. Lakini kila aliyeyanywa anajua yana ladha ya madini, unayasikia ulimini, na bibi alikwisha kusema chumvichumvi ni sumu kwa lile jani. Sikuvua viatu. Nilichukua chupa zote za maji safi tulizokuwa nazo, nikachutama roshani, nikakimiminia kile kichungu polepole, maji yakaingia juu yakatokea chini, chupa hadi chupa, upepo unanikata masikio na vidole havina habari tena. Shemeji alisimama nyuma yangu akinieleza dhambi ya kuosha baraka.

"Shemeji," nikamwambia bila kugeuka, "hilo nitajibu mwenyewe siku ya siku. Wewe nijibu la leo. Tukifukuzwa hapa, tuje kulala kwako?"

Akafikiria kile chumba chake na wale dubu. Akasema amekumbuka ana mzigo wa kufunga.

Mume wangu alikaa kitini na ile kofia. Mwishowe akasema, "Nilitaka apone."

"Najua."

"Unavyosema najua, ni kama unanitukana."

Ni kweli, nilikuwa namtukana. Aliyaelewa mapenzi kwa namna moja tu, nayo ni kujaza mdomo wa mtu. Nikipika, nampenda, nikipima, namchukia. Wanaume wa namna hiyo wanazeeka wakiwa watoto, na wake zao wanazeeka wakiwa mama zao wa pili, na hakuna anayekuja kukupa pole.

Ikaja sikukuu ya mwaka mpya wao. Mji ukamwagika. Wafanyakazi wa viwanda walikwenda kwao mikoani, Zhanxi ikateremsha milango ya chuma, mikokoteni ikafungwa minyororo, na hata pale chini ya jengo moshi wa mshikaki ukakoma. Nilikuwa nyumbani kutwa, sina wa kugombana naye ila mwenye kisukari na mwenye meno. Ndipo nikaanza kuwa na tabia ambayo ningemcheka mtu mwingine akiwa nayo. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilifungua kioo, nikatia kidole katikati ya yale majani meusi, nikabonyeza. Mle ndani mlikuwa na kitu kigumu, kama punje ya kitunguu thomu. Kikiwa kigumu nilirudi ndani. Simu ilipotangaza upepo mkali wa kaskazini, nilitafuta boksi la viatu vya harusi, nikalitoboa matundu, nikakifunika kichungu. Mume wangu aliliona boksi. Alikuwa na akili ya kutosha kutolisema.

Bibi alikuwa akiniandikia kutoka Kanada. Kila mara swali ni moja, uko hai, na mimi namjibu, umelala. Halafu alianza kuniletea picha bila kuombwa. Theluji kwenye dirisha. Bakuli la uji kando ya dirisha lilelile. Mara moja mgongo wa mwanamume anayevaa koti, anatoka. Sikuwahi kumwona mjukuu, wala sura ya mwana, ila dirisha na bakuli, bakuli na dirisha, na mimi si mjinga, nimeshakaa ugenini. Mtu aliyekwenda kwa watu wake hapigi picha uji. Nikamhurumia, na kwa kuwa sipendi kuhurumia watu wenye nyumba, nikamjibu kwa mkato zaidi.

Mwezi wa tatu ulikaribia na ule unyevu wake, ambapo kuta za Guangzhou hutoka jasho, na nguo ukizianika leo utazianua wiki ijayo zikinuka mbwa. Nilitia kidole kama kawaida. Pembeni ya ile punje kulikuwa kumechomoza kitu cha kijani, kimejikunja kama kijiko cha mdoli. Baada ya siku chache kijiko kikafunguka kikawa mdomo, mdogo wa kuchekesha, na meno yake yote. Ukafuata mwingine.

"Mgeni kaamka," mume wangu akasema, na machozi yalikuwa yamemlengalenga, Mungu anisamehe nimeolewa na nani. Alitaka kumkaribisha kitu. Nilimtazama tu. Badala yake nilimpa yeye nusu ya andazi, akalila akiwa amesimama mbele ya kioo, akimtazama mwenzake, na kila tonge alilimeza bila kuhema.

Siku chache kabla ya kurudi, bibi akaandika habari nyingine. Ameteleza kwenye barafu, amevunjika nyonga, hawezi kupanda ndege, na madaktari hawasemi lini. Mwanawe anakuja Guangzhou kwa shughuli zake, atapita kwetu na mkataba. Moyo ulinishuka, maana makubaliano yangu yalikuwa na mama, si na mwana. Chini ya hapo kulikuwa na maneno mengine, simu ikanitafsiria. Aliomba niuweke mmea juu ya meza, mahali atakapokaa mwanawe. Nisimwambie lolote. "Nataka auone mwenyewe," aliandika.

Nikakifuta kichungu vumbi. Nikakata kila jani jeusi, nikauacha wa kijani mtupu. Niliuweka mezani, nikausogeza, nikausogeza tena, kana kwamba naposewa binti.

Mwana akaja mchana, amechelewa. Mwanamume wa makamo kidogo, viatu vya ngozi vizuri, najua viatu, vile vilikuwa vya bei. Hakuvivua mlangoni. Mume wangu alimwambia karibu, akamwekea chai na kashata alizokuwa amekatazwa yeye mwenyewe, na mgeni hakugusa. Alizunguka nyumba na simu sikioni akiongea mambo yake, akagonga ukuta kwa kidole, akafungua bomba la jikoni akalifunga. Kisha akakaa pale pale nilipopanga akae, akatoa mkataba, akawasha sigara bila kuomba.

Mmea ulikuwa mbele ya kidevu chake. Mimi na mume wangu tulisimama. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomtazama mtu kwa matumaini kiasi kile.

Alisaini ukurasa wa kwanza, akasaini wa pili. Alitafuta mahali pa kukung'utia majivu, na kwa kuwa sisi hatuvuti na hakuna kisahani cha majivu nyumbani kwetu, akakung'utia kwenye kichungu. Majivu mengine yalianguka ndani ya ule mdomo wa kwanza uliochomoza. Ndipo akautazama. Akauchokoza kwa ncha ya kalamu, mara moja, mara mbili, na mdomo ukafumba juu ya majivu. Akacheka kwa puani.

"Bado wanauza hivi vitu," akasema kwa Kiingereza. "Nilikuwa nacho nilipokuwa mdogo. Kilikufa."

Akasaini ukurasa wa mwisho. Nyumba ikawa yetu kwa mwaka mwingine, maandikisho ya polisi pamoja nayo, jambo nililolitetemekea tangu baridi ilipoingia. Sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa na maneno kamili mdomoni, ya Kitanga, ya Kichina cha sokoni, na Kiingereza kidogo cha kuyafungia, na mtu yeyote anayenijua angekuambia kwamba sijawahi kuyameza maneno ya namna ile kwa ajili ya mtu. Lakini mama yake alisema nisimwambie. Alivaa koti, akatoka, na mgongo wake nikautambua kutoka kwenye picha.

Bibi alipiga simu jioni ileile, kwa video. Alikuwa amelala, nywele zimemtoka kwenye kibanio, nyuma yake lile dirisha. Hakuuliza habari ya mkataba.

"Aliuona?"

"Aliuona," nikasema. Kwa hayo Kichina changu kilitosha.

"Alisema nini?"

Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu. Alikuwepo, alisikia yote. Nilimwona akigeuza uso kunitazama, maana anaujua ulimi wangu, umemchoma miaka yote na haujawahi kumpunguzia mtu.

"Alisema alikuwa nao alipokuwa mdogo," nikamjibu.

Bibi alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yake yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu ikawa yote mawili. "Kakumbuka," akasema. "Kakumbuka. Na nini tena?"

"Basi. Ni hayo tu."

Akataka kuuona na yeye. Mume wangu akauinua kwa mikono miwili akausogeza kwenye simu, na mimi, kabla haujafika kwenye kamera, nikakizungusha kichungu, ule mdomo uliofumba juu ya majivu ukatazamana na sisi.